Mpunga Uliokataa Chumvi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo wangu hamjambo.

Mwenyekiti amenipa kiti, namshukuru, lakini nitasema nikiwa nimesimama. Maneno haya nikiyasema nimekaa yatanirudi tumboni. Ameniomba pia niseme kwa upole. Hilo nitajaribu, ila siahidi.

Mimi ni mkulima wa mpunga. Bonde letu liko huku kusini ya Msambweni, pale kijito kinapokutana na mikoko. Nimeitwa kwa sababu ninyi wenzetu wa bonde la pili mliingiliwa na maji ya bahari msimu uliopita, mpunga wenu ukafa, na sasa mnaambiwa ardhi imekwisha, bora muuze. Nimekuja kuwaambia msiuze. Lakini sina uso wa kuwaambia hivyo kabla sijawaeleza yaliyotupata sisi, na nani aliyeyaleta. Majina ya watu sitayataja. Langu mnalijua, linatosha.

Bonde letu ni la wanawake tisa. Kwetu Wadigo mnajua, konde la mpunga hutoka kwa nyanya likaenda kwa mama, likatoka kwa mama likaenda kwa binti. Langu mimi ni la mwisho kabisa, upande wa bahari. Nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo ambao nyanya yangu na wenzake waliushindilia kwa miguu, na nyuma ya ukingo kulikuwa na mikoko. Mamangu alipokuwa akinikabidhi konde alinipa wasia mmoja tu. Alisema, "Mpunga wako ufanye upendavyo, lakini mikoko ile usiiguse. Si yako."

Ndugu zangu, nikaigusa.

Sikuwa na njaa, nisije nikajitetea kwa njaa. Nilikuwa nimevuna vizuri misimu mitatu mfululizo, watu wakanisifu, sifa zikanipanda kichwani. Nikataka konde langu liwe kubwa kuliko yote. Kiangazi kimoja nikakata mikoko ya nyuma ya ukingo wangu, kidogo kidogo, kuni zikaenda jikoni. Kisha nikaubomoa ukingo wa nyanya na kujenga mwingine mbele, hatua kama ishirini kuelekea baharini. Niliujenga mwenyewe kwa wiki moja. Nilirundika tope, nikalipiga piga kwa jembe, basi.

Jirani yangu wa konde la pili, mama mtu mzima aliyenifundisha kupandikiza miche nilipokuwa msichana, alikuja akasimama juu ya ule ukingo. Akaugusa kwa kidole cha mguu.

"Mwanangu, umeushindilia huu?"

"Nimeushindilia, mama."

"Na mikoko?"

"Imekauka yenyewe."

Akaniangalia, akaenda zake. Hakuniamini, najua hakuniamini, lakini kuna watu wana adabu ya kutokuaibisha.

Masika ya mwaka ule yalikuja na nguvu. Mvua ilinyesha siku nne, na siku ya nne ikaangukia bamvua, yale maji makuu ya mwezi. Ilikuwa saa kumi alasiri, niko kwenye msala, nikasikia mtu anaita kutoka bondeni, "Maji! Maji yanaingia!" Nilipofika, ukingo wangu haukuwa na tundu. Ukingo wangu haukuwepo. Bahari ilikuwa imetembea mpaka konde la tisa, lile la bara kabisa, imetulia juu ya mpunga wa mwezi mmoja kama iliyoalikwa.

Maji yalirudi yenyewe, lakini chumvi ilibaki. Siku ya tatu majani yakaanza kujikunja. Siku ya nane ncha zote nyeupe, kama zimepitiwa na moto. Mwisho wa mwezi hapakuwa na kitu cha kijani makonde yote tisa. Na kiangazi kilipokuja, ardhi ikatoa ganda jeupe juu. Ukiikanyaga kwa mguu wenye ufa, utajua.

Wanawake wakakaa kwenye njia wakalia. Mmoja akasema, "Bahari imepanda. Ni amri ya Mwenyezi Mungu." Wote wakaitikia. Na mimi, ndugu zangu, nikaitikia pamoja nao. Nikamsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya jembe langu.

Huko ndiko kuanguka kwangu. Wengine huanguka kwa ulevi, wengine kwa maradhi. Mimi nilianguka kwa kunyamaza.

Msimu uliofuata nikajifanya wa kwanza kuhangaika. Nikamwaga majivu, maana nilisikia majivu hutibu ardhi. Nikabeba samadi. Nikanunua mbolea ya dukani nikaitia. Kila nilichotia kilikuwa kama kumlisha mgonjwa wa tumbo: ardhi ilizidi kuwa ngumu na mpunga ukafa ukiwa na majani mawili. Wenzangu walipanda nao ukafa. Baada ya hapo bonde likaachwa.

Nikaenda Diani nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Jirani yangu yule, aliyeniuliza habari za ukingo, akaenda kuponda kokoto. Mtu mzima yule, mikono iliyokuwa ikipanda miche mia kabla hujamaliza kumi, ikashika nyundo. Nilikuwa nikimwona ameketi juani kando ya rundo lake la mawe, na mimi nikibadilisha njia. Harusini nikaacha kwenda. Msibani nilikwenda nikakaa nyuma. Mtu akinisalimu, nasikia kama ananiuliza.

Mume wangu ni fundi cherehani hapa hapa Msambweni, mtu wa maneno machache. Yeye alijua, maana kuni za mikoko ndizo zilizompikia wali wake. Siku moja aliniambia huku anatia uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa: "Ukisema, nitasimama nyuma yako. Usiposema nitasimama vilevile. Lakini sitaweza kukutazama."

Bado sikusema.

Masika ya tatu tangu bahari iingie hakuna aliyepanda. Mpunga ulipokuwa unakaribia kuiva kwenye mabonde ya watu wengine, mjomba wangu akaja nyumbani. Mjomba kwetu ni mzito katika mali ya ukoo, hilo sina haja ya kulieleza hapa. Alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa na ilikuwa Jumanne, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, nimepata mtu wa kulinunua bonde lote. Anataka kutengeneza mabirika ya kukaushia chumvi. Ardhi imekwisha kuwa ya chumvi, basi na ivunwe chumvi."

"Na sisi, mjomba?"

"Ninyi mtapata chenu. Wenzako wanane nimezungumza nao, wamekubali. Umebaki wewe. Ijumaa baada ya swala tutakutana tutie sahihi." Kisha akashusha sauti, na naamini alisema kwa huruma. "Ardhi imekufa, binti yangu. Maiti hakai ndani, huzikwa."

Nikamwambia sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Ningemkatalia kwa lipi? Akaniomba nimwonyeshe mpaka wa konde langu na la jirani, ili mnunuzi asije akadhulumiwa. Tukateremka bondeni sisi wawili. Nilikuwa sijakanyaga huko karibu mwaka.

Pembeni mwa konde langu, upande wa bara, chini ya kichuguu, nikaona kijani.

Nikadhani ni nyasi. Nikasogea. Ulikuwa mpunga. Mashina kumi na moja, nimeyahesabu mara tatu. Yameota yenyewe kwenye lile ganda jeupe, yamenipita kiunoni, yana masuke. Na nikaujua ule mpunga, maana ulikuwa ule mrefu wenye ndevu na ganda jekundu, wa zamani, ambao nyanya zetu waliupanda na sisi tukauacha kwa sababu ukikobolewa hukatika na sokoni hautakiwi. Ulikuwa ukijiotea katikati ya mpunga wetu wa kisasa, na sisi tukiung'oa kama gugu. Mimi mwenyewe nimeung'oa miaka nenda miaka rudi.

Nikachuchumaa. Majani ya chini yalikuwa yameungua, ya kahawia, yamekufa kabisa. Lakini ya juu, mabichi. Shina moja hivi, chini mauti na juu uhai. Nikaonja ule udongo kwa ncha ya ulimi, ukanichoma. Nikalitazama lile suke, nikalitazama tena.

Mjomba akaita, "Mpaka uko wapi?"

Nikasimama. Sijui sauti ile ilitoka wapi, maana kwa miaka miwili nilikuwa nasema kama mtu mwenye kikohozi. Nikasema, "Mjomba, siuzi."

"Unasemaje?"

"Siuzi. Umesema ni maiti. Njoo uone maiti anayeota masuke."

Akaja, akayatazama mashina yangu kumi na moja, akacheka. Si kwa ubaya. "Hii ni shibe ya kuku mmoja," akasema. "Ijumaa, baada ya swala. Wenzako wamekubali, na mmoja hawezi kuwazuia wanane." Akapandisha kanzu yake, akaondoka.

Mimi nikang'oa shina moja pamoja na udongo wake, nikalitia kwenye karai, nikajitwika. Nikaenda nalo mpaka ofisi ya kilimo. Watu njiani wananitazama: huyu kachanganyikiwa, anatembea na gugu kichwani. Tazameni, nikasema moyoni. Tazameni vizuri.

Afisa niliyemkuta alikuwa binti mdogo, wa bara, Kiswahili chake kimechanganyika. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliliona lile karai akaruka kwenye kiti.

"Mama, hii umetoa wapi? Hapo kwenye chumvi? Manze, wacha!" Akachukua udongo wangu, akaukoroga na maji, akatia kijidude cha kupimia, akasoma, akaguna. "Mama, hapa mpunga wa kawaida hauwezi toboa. Na huu uko na masuke!"

"Ni muujiza, mwanangu?"

"Hapana mama, si muujiza. Ni kazi. Huu mmea unafanya kazi ngumu." Akanikalisha, akanionyesha kwa kidole. Mizizi yake, akasema, ni mlinzi mlangoni: chumvi nyingi inazuiwa huko huko chini isiingie. Ile inayopenya, mmea hauiruhusu ifike kwenye majani machanga wala kwenye suke. Unaipeleka kwenye majani mazee ya chini, yanabeba chumvi yote, yanakufa nayo. "Ndiyo maana haya ya chini yameungua, mama. Si ugonjwa. Ndivyo unavyojiokoa." Mpunga wa kisasa tuliokuwa tukiupanda haujui kufanya hivyo vizuri, chumvi unaiachia ipande mpaka juu.

Akaniambia pia kwamba hata huu wa zamani una nyakati mbili za udhaifu: ukiwa mche mdogo, na unapochanua. Na huenda pale pembeni, chini ya kichuguu, kuna maji matamu yanayochuruzika kutoka bara, yakausaidia. "Nisikudanganye mama, hata huu ukiutupa tu katikati ya bonde bila kuosha ardhi, utakufa. Ardhi lazima ioshwe na maji ya mvua. Mmeiwekea nini mpaka sasa?"

"Majivu."

"Majivu! Aki mama, hapana! Majivu yana chumvi zake pia."

Nikacheka, ndugu zangu. Mara ya kwanza kwa miaka miwili. Kisha nikalia palepale ofisini kwake, na mtoto wa watu akakosa pa kutazama. Kwa sababu nilielewa sasa kwamba bonde linaweza kurudi, na wenzangu hawatanisikiliza hata neno moja la haya mpaka niwaambie lile jingine.

Ijumaa ikafika. Tulikutana uani kwa jirani yangu yule wa kokoto. Wanawake tisa, mjomba, mnunuzi na karatasi zake, na watu wengine wa kushuhudia. Mume wangu alifunga duka akaja, akasimama nyuma yangu kama alivyosema. Mjomba akaanza kwa fatiha, akaeleza. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Nikasema, "Mlisema ni Mungu aliyeingiza bahari bondeni. Si Mungu. Ni mimi. Mikoko niliikata mimi, ukingo wa nyanya niliubomoa mimi, na ule mpya sikuushindilia. Niliwadanganya. Hayo ndiyo ya kwanza."

Mmoja akanitupia mwiko aliokuwa nao mkononi, ukanipata bega. Nikauacha unipate. Mwingine akasema maneno ambayo hapa sitayarudia, na alikuwa na haki ya kila neno. Jirani yangu alinijia. Alinyoosha mikono yake mbele yangu, kucha zimepasuka, kidole kimoja kimevimba.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima naponda mawe, nawe wanipita njiani."

Nikaitazama ile mikono, kidole kwa kidole.

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ya ukoo. Akasema, "Basi, mmesikia. Tutie sahihi tumalize." Hapo ndipo nilipokataa. Nimekubali aibu, lakini hilo la sahihi nikalikataa. Nikasema kwa sauti, "Bado la pili! Nichukieni mimi, lakini konde msiliuze kwa kunichukia mimi. Akishachimba mabirika ya chumvi, hata wajukuu wa wajukuu zenu hawatalima hapo. Kuna mpunga umeota kwenye chumvi ile. Nimeuona, nimeupeleka kwa mjuzi, najua unavyofanya. Nipeni msimu mmoja."

Wakaanza kuondoka. Wawili walishika njia. Na jirani yangu, yeye mwenye mikono ile, akasema neno ambalo nitakufa nalo. Alisema, "Hasira yangu ikipona nitakusamehe. Leo haijapona. Nionyeshe huo mpunga."

Tukateremka wote bondeni, na wale wawili wakarudi nyuma yetu, mpaka mnunuzi na viatu vyake. Jirani yangu akainama, akayafuta majani ya chini kwa vidole, akalipekua suke, akatafuna punje. Akamgeukia mjomba. "Mimi sitii sahihi," akasema. Basi tukawa wawili. Wengine nao wakainama kutazama kwa zamu, na jua lilipoinama tulikuwa tisa.

Mjomba alikasirika. "Msimu mmoja! Mkishindwa msije mkanililia mimi."

"Tukishindwa," nikamwambia, "tutalia kwenye konde letu."

Sasa nawaambia tulivyofanya, na hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili, maana hapa ndipo penye faida yenu.

Kwanza ukingo. Hatukuujenga nilipoupeleka mimi. Tuliurudisha palepale alipouweka nyanya, na ule uwanja niliounyakua tukairudishia bahari, tukapanda miche ya mikoko. Kila jioni baada ya kazi zetu tulishindilia kwa miguu, tumeshikana mabega. Mimi niliwekwa mwisho wa mstari, hakuna aliyenishika bega. Nilishindilia peke yangu.

Pili, kuosha. Tuliweka bomba lenye kizibo chini ya ukingo. Vuli iliponyesha tulizuia maji ya mvua yakajaa makondeni, tukayaacha siku kadhaa yanywe chumvi, kisha bahari ikipwa tukafungua kizibo yakatoka. Tukaziba, tukajaza tena. Mara ya kwanza maji yaliyotoka ukiyaonja unatema. Mara ya nne yalikuwa kama machozi.

Tatu, miche. Mbegu tulizozipata kwenye mashina yale kumi yaliyobaki hazikujaza hata nusu ya kibaba. Tulizisia kwenye kitalu mbali na chumvi, na hatukuihamisha miche ikiwa midogo kama tulivyozoea. Tuliingoja mpaka wiki sita, ikakomaa shingo. Kisha tukapandikiza kipande kimoja tu, minne au mitano pamoja. Kando yake mmoja wetu alipanda mstari wa mpunga wa kisasa, maana alisema hataki kuamini bila kuona. Ule wa kisasa ulikuwa umekufa kabla mwezi haujaandama mara ya pili.

Wa zamani ukaungua majani ya chini, ukaendelea. Kisha mvua ikakata kabla ya wakati, na mpunga ndio kwanza unataka kuchanua! Ardhi ikaanza kukauka na ule weupe ukaanza kuchungulia. Afisa wetu alikuwa ametuonya: ardhi ikikauka, chumvi hupanda juu. Nikamwambia jirani yangu, "Ule weupe unaturudia." Akasema, "Chukua dumu." Wiki mbili, wanawake tisa, kutoka kisimani mpaka bondeni, madumu kichwani, asubuhi na jioni. Kisima kiko mbali, tena kuna mlima katikati. Watu wakatucheka barabarani: "Hawa wanamwagilia bahari!" Wacheni wacheke, tukasema. Kicheko hakijawahi kukausha mtu.

Tulivuna. Kulikuwa na mapepe mengi, maganda matupu, sitawadanganya, suke zima unalipepeta unapata nusu. Lakini ile nusu ilikuwa mpunga. Mjomba alikuja siku ya kupepeta, hakuna aliyemwita. Akachukua suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza, akatazama zile punje nyekundu kiganjani kwake. Akatia moja mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Kisha akasema, "Huu nyanya yenu akiupika na nazi." Akaondoka. Yule mnunuzi hatukumwona tena, na kama anatusikia popote alipo, asisumbuke.

Hatukuula hata punje. Wote ulikuwa mbegu. Msimu uliofuata tukapanda makonde matano, na uliofuata tukapanda yote tisa. Kila vuli tunaosha. Langu la ukingoni mpaka leo linazaa nusu ya lilivyozaa zamani, na huenda sitaliona likitimia. Ni haki yangu hiyo, naichukua.

Na jirani yangu? Msimu ule wa makonde yote tisa tulikuwa tunapandikiza kwenye konde lake. Mimi nimesimama mwisho wa mstari, mahali pangu. Akaniita mbele ya wote, "Wewe, njoo huku kando yangu." Nikaenda. Akasema, "Sogea kidogo, wanikanyagia miche." Hakusema jingine. Nami sikutaka jingine.

Nashukuru. Namshukuru Mwenyezi Mungu, ambaye nilimsingizia naye akanisitiri mpaka nikaweza kujifunua mwenyewe. Namshukuru yule binti wa bara wa ofisi ya kilimo, aliyelipokea gugu langu kama mgeni wa heshima. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa ananitazama. Namshukuru mjomba, kwa msimu mmoja aliotupa kwa hasira. Na wale wanane, kwa hao sina shukrani ya kutosha, hata aliyenipiga mwiko. Amekaa pale, anacheka.

Funzo langu si refu. Mtu akikwambia ardhi yako imekufa, muulize amechimba wapi. Ingia kondeni mwenyewe, uinamie, utazame kilichokataa kufa, halafu ujue kinafanya nini. Mbegu za nyanya zenu msizitupe kwa sababu sokoni hazipendezi. Mikoko muiache. Na kama katika ninyi kuna mwenye kujua jinsi maji yalivyoingia kwenu, naye amenyamaza, sitamtafuta kwa macho. Namwambia tu kwamba kimya kinachoma kuliko chumvi, na kwamba maumivu ya mwiko wa bega hayamalizi siku tatu.

Ndugu zangu, ukingo wenu ungali wazi, na bamvua haimngojei mtu. Jumamosi asubuhi tutakuja sisi tisa na majembe yetu, na mbegu kwa kila konde. Msitupikie. Tutakuja na wali wetu.